Neno Lililoandikwa Juu ya Noti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika chuoni viatu vikiwa mkononi, maana mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia yote kuwa tope. Chuo chetu cha muziki cha kanisa kilikuwa juu ya kilima katika kata ya Kanoni, kimezungukwa na vibanja vya migomba na kahawa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Muleba, nina cheti changu cha upigaji kinanda ndani ya bahasha, na nilijiona najua kazi. Nikanawa miguu kwenye bomba, nikavaa viatu, nikabisha hodi kwa Mkuu wa Idara ya Piano.

Alikuwa Mnyambo wa hapa hapa Karagwe, mfupi, mwenye sweta la kijivu ambalo sikuwahi kumwona amelivua, hata jua likiwaka. Alikuwa amesoma muziki ng'ambo kwa miaka sita, kisha akarudi nyumbani wakati wenzake wote wakibaki huko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Kokushubila?"

"Ndiyo, waitu," nilijibu, kwa neno la heshima la kwetu.

"Kaa. Piga."

Akaniwekea ukurasa mmoja. Nikapiga mwanzo hadi mwisho, sikukosa noti hata moja. Nilipomaliza nikakunja mikono mapajani, nikangoja sifa.

"Noti umezipiga zote," alisema. "Sasa nipigie neno."

"Neno gani, Mwalimu?"

Akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa, upande wa kushoto, palipoandikwa kwa Kiitaliano: *Andante*.

"Hilo linamaanisha mwendo wa wastani," nilisema.

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Kitabu kimekufupishia. Neno hilo linasema 'kwa kutembea'. Haya, nani anatembea? Mama anayetoka gulioni na mkungu wa ndizi kichwani? Bibi harusi anayeingia kanisani? Wote wanatembea, na hawafanani. Nenda nje, uzunguke uwanja mpaka umjue anayetembea kwenye ukurasa huu. Ukimjua, rudi."

Nilizunguka uwanja wa mpira mara tatu, wanafunzi wakinitazama kutoka madirishani. Niliporudi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kulia. Nikapiga tena. Mzunguko wa tatu nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu akienda kisimani asubuhi, ndoo bado tupu, hana haraka wala hachelewi, na ndiye niliyempiga. Mkuu wa Idara alifungua kabati, akatoa daftari jipya, akanipa.

"Utaandika humu maneno," alisema. "Usiandike tafsiri. Andika ulichokiona."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Vijana wa leo mna simu inayogonga mapigo kwa kasi yoyote mnayotaka. Sisi tulikuwa na metronomu moja, kile kisanduku cha mbao chenye ulimi wa chuma unaoyumba huku na huku, na yetu ilichechemea: tik ndefu, tak fupi. Kwa hiyo mwendo tuliutafuta kwenye maneno. Mtunzi anaandika noti, lakini noti hazisemi zipigwe kwa moyo gani, ndiyo maana anaweka neno juu. Mengi ni ya kawaida na hujirudia. *Adagio*, kwa utulivu. *Allegro*, ambalo kila mwanafunzi huliona ni mbio, kumbe maana yake ni uchangamfu. Mtu anaweza kuchangamka bila kukimbia, na wako wanaokimbia wakiwa na huzuni tele.

Lakini yako maneno mengine, adimu, ambayo mtunzi huyaandika mara moja tu maishani. Haya ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya Mkuu wa Idara. Akikutana na neno la namna hiyo alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena, kama mtu aliyeletewa barua. Alikuwa akituambia: "Huyu alikuwa na maneno ya kawaida mengi ya kutumia. Yote hayakumtosha. Jiulizeni kwa nini."

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Kaisho, upande wa Kyerwa, kufundisha piano katika shule ya wasichana. Piano yenyewe ilikuwa imefika kwa lori, na panya walikuwa wamekula nusu ya vitambaa vya ndani, zile nyundo ndogo zikagonga nyuzi kwa sauti ya kijiko na sufuria. Mkuu wa Shule alikuwa mama mmoja mrefu, mkali, aliyetembea na rula. Siku moja alisimama mlangoni nikifundisha *rubato*. Neno hilo maana yake ni 'ulioibwa': mpigaji anaiba muda kidogo kwenye noti moja, anaichelewesha, kisha anaurudisha kwenye nyingine.

"Mwalimu Koku," alisema, "hapa shuleni kwangu unawafundisha wizi?"

"Wanarudisha, Mama Mkuu. Ndilo sharti lake. Kabla sentensi haijaisha, kilichoibwa kiwe kimerudi."

Alifikiri. "Basi wasimamie warudishe," akasema, akaenda zake. Wasichana walicheka mpaka kengele ikalia.

Hapo Kaisho ndipo nilipoanza kuogopa maneno haya, kwa ile hofu ya mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa. Nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Domitila, mtoto wa wafugaji, kimya sana. Kipande chake kilikuwa na neno *lontano*, yaani 'kwa mbali'. Domitila alipiga kwa sauti ndogo, nami nikamwambia, punguza. Akapunguza. Punguza tena. Mwisho noti nyingine zikawa hazitoki kabisa, na muziki wenyewe ukawa kama mgonjwa. Sikujua kosa liko wapi. Niliona tu kwamba kile si umbali, ni udhaifu.

Jioni tukatoka kupunga upepo nyuma ya darasa. Mbele yetu palikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde ni rweya, ile nyasi wazi wanakochunga. Sauti ya mtu akiita ng'ombe ilitufikia, ndogo kama uzi.

"Mwalimu," Domitila alisema, "yule ni baba yangu."

"Unamjuaje kwa sauti ndogo hivyo?"

Akanishangaa. "Si ndogo, Mwalimu. Baba hapo anapaza. Ukiwa karibu yake unaziba masikio. Ni bonde tu linaifanya hivyo."

Nilisimama pale nikasisimka mwili mzima. Miaka yote nilikuwa nafundisha 'kwa mbali' kama unong'onezi, na huyu mtoto ananiambia kwamba cha mbali ni kitu chenye nguvu kilichosafiri. Tukarudi ndani. Domitila akapiga kwa vidole imara, mguu ukiwa kwenye pedali ya kushoto inayofifisha sauti. Piano ile ile ya kijiko na sufuria ikatoa mtu anayeita kutoka kilima kingine. Mtunzi wa kipande kile hakuwahi kuliona bonde la Kaisho. Alikuwa amekufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini alikuwa ameandika neno moja, na neno limetufikia.

Mwaka wa tano nikaitwa kurudi Kanoni. Ili nithibitishwe kuwa mwalimu kamili wa chuo, nilitakiwa kupiga mbele ya mtahini wa nje, na Mkuu wa Idara ndiye aliyenichagulia kazi ya kupiga: sonata moja ndefu ambayo mtunzi wake aliiandika akiwa amekwisha kuugua sana. Sonata ni muziki wa sehemu kadhaa zinazofuatana, kama vyumba vya nyumba moja. Katika sehemu ya mwisho ya hiyo kuna wimbo wa huzuni, unaondoka, kisha unarudi. Unaporudi, juu yake pameandikwa maneno ambayo sijawahi kuyaona kwingine: *perdendo le forze*. Akiishiwa nguvu.

Nilimuuliza Mkuu wa Idara yanapigwaje.

Alivua miwani akaifuta. "Sijui," alisema.

Nilidhani ananijaribu. "Nizunguke uwanja, Mwalimu?"

"Hapana, Koku. Nakwambia kweli. Nimeupiga ukurasa huu miaka mingi, na kila mara nimedanganya. Napunguza sauti, napunguza mwendo, watu wanafuta machozi. Lakini hiyo ni sauti na mwendo. Yeye ameandika nguvu. Nguvu ikikwisha ndani ya mtu inakuwaje? Mimi nina afya, sijui. Tafuta. Ukipata uje uniambie."

Wiki nne kabla ya mtihani, alikuwa akifundisha darasa la mwaka wa kwanza, mkono wa kushoto ukateleza kutoka kwenye piano. Akauinua, ukateleza tena. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande mmoja. Kilikuwa kiharusi. Tulimbeba kwenye gari la chuo hadi hospitalini Nyakahanga, mimi nikiwa nimekishika kichwa chake mapajani, na njia nzima niliimba ndani ya moyo wimbo wa kanisani ambao hata sikumbuki ni upi.

Siku za kwanza hatukujua kama ataishi. Mkewe, Mama Anitha, alilala pale pale kwenye mkeka. Mimi nilifanya mazoezi asubuhi, mchana nikapanda bodaboda kwenda kumwona, au nikatembea barabara ilipokuwa mbaya. Siku ya sita alifumbua macho akanitambua. Akataka kuongea.

"Mta..." alisema, akavuta pumzi. "Mtahi..." Pumzi. "Ni... lini..."

Alikuwa ananiuliza mtahini anakuja lini.

Nikamjibu, nikamshika mkono, na huku namjibu kitu kikanipiga kifuani. Sauti yake haikuwa imepungua. Mwendo wake haukuwa wa polepole. Alichokuwa nacho ni sentensi nzima, kamili, akilini mwake, nayo inakatika njiani. Kila kipande kilianza kwa nguvu zake zote na kufa kabla ya mwisho, na kati ya vipande alikuwa akitafuta hewa. Ukurasa ule wa sonata nikauona mbele ya macho. Wimbo wa huzuni unaporudi, mtunzi ameukatakata kwa alama za kimya, vipimo vifupi vifupi vya kunyamaza katikati ya wimbo wenyewe. Mimi nilikuwa nimezihesabu alama hizo kama mapigo ya kungoja. Zilikuwa pumzi za mtu. Mtunzi alikuwa amelala kitanda kama kile, amesikia nafsi yake ikikatika hivyo, kisha akainuka akaandika.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Mama Anitha alinifuata akidhani mumewe amezidiwa.

"Yuko vilevile, Mama," nilimwambia. "Ninalia kwa aibu. Mwalimu anateseka mle ndani, na mimi nimekaa pale nasikiliza somo la piano."

Alikaa karibu nami, akafunga vizuri kitenge chake.

"Koku mwanangu," alisema, "tangu ulipofika chuoni anakufundisha kusikia. Leo ndiyo uzibe masikio? Atakuwa amefanya kazi ya bure. Futa machozi, urudi ndani ukasikie."

Nikarudi.

Baada ya wimbo ule kukatika, sonata ina jambo la ajabu zaidi. Panakuja mkusanyiko mmoja wa noti, zimepigwa pamoja, kisha unarudiwa, ule ule, mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa kidogo. Hakuna wimbo hapo, ni mlio mmoja tu unaoongezeka. Kisha sauti zinaanza kufuatana kwa unyonge, na juu yake pameandikwa *poi a poi di nuovo vivente*: kidogo kidogo, akiwa hai tena. Nilikuwa nimelitafuta neno hilo kwenye kila kamusi ya chuo, nikaona ni pambo tu.

Baada ya siku ile sauti ilimpotea kabisa, na wiki ya tatu muuguzi wa mazoezi alikuwa akimfundisha kuomba maji. Kila siku neno hilo hilo. Jumatatu ilikuwa mdomo unaocheza bila sauti. Jumanne tukasikia "ma". Alhamisi ikawa "maji", kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima. Neno lile lile, "maji", tena na tena, muuguzi akimwambia, "Mzee, mara nyingine." Jumamosi alilisema mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka na kusema, "Mleteeni huyo maji jamani!" Wodi nzima ikacheka, naye akacheka, upande mmoja wa uso. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimesikia mkusanyiko ule wa noti, wote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Mtahini wa nje alifika siku ya Jumatano asubuhi. Alikuwa mzee wa maneno machache kutoka chuo kingine, na kalamu yake haikutulia. Sitawadanganya kwamba nilipiga vizuri kila mahali. Kuna sehemu ambapo sauti tatu zinakimbizana, nami nilipotea mara mbili, nikasikia kalamu ikikwaruza. Lakini wimbo wa huzuni uliporudi sikuwa napiga piano. Nilikuwa nasema sentensi ya mwalimu wangu na kutafuta hewa mahali alipotafuta hewa. Kalamu ikanyamaza. Kisha ikaja ile sauti ya noti nyingi inayorudiwa, na ninaapa niliogopa kila mara nilipoinua mikono, kama haitatoka tena. Ikatoka. Ikatoka tena, kubwa zaidi.

Nilipomaliza mtahini akauliza, "Ukurasa wa kuishiwa nguvu, nani amekufundisha?"

"Mkuu wa Idara."

"Namfahamu. Tuliwahi kubishana juu ya ukurasa huo, alisema hajui unapigwaje."

"Hakujua, Mwalimu. Amenifundisha wiki hizi, kitandani Nyakahanga."

Mzee yule akafunga kalamu yake. "Una bodaboda unayemwamini?" aliuliza. "Nataka kwenda kumwona."

Tulikwenda na bodaboda mbili. Sijui waliongea nini, maana niliwaachia nafasi, nikakaa nje na Mama Anitha tukala ndizi na maharage. Niliitwa ndani jioni. Mkuu wa Idara alinitazama.

"Umepata?" aliuliza. Neno moja, safi.

"Nimepata, Mwalimu."

"Ni... ambie."

Nikamweleza yote, pamoja na aibu yangu. Nilifikiri atahuzunika kuambiwa kwamba pumzi zake zilikuwa somo. Alifumba macho, machozi yakamtoka, akasema kwa taabu maneno niliyoyaandika usiku ule ule kwenye daftari: "Basi haikuwa hasara."

Alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi. Alifundisha miaka mingine minane akiwa kwenye kiti. Alipotaka kuonyesha jambo, alipiga kwa mkono wa kulia nami nikakaa kushoto kwake nikapiga besi. Tulijifunza kuvuta pumzi pamoja, na wanafunzi walisema ukifumba macho hujui kama ni watu wawili. Alipostaafu nilipewa ofisi yake, na alipofariki niliongoza muziki wa mazishi. Wengi walitarajia nipige ule ukurasa. Sikuupiga. Ulikuwa wake akiwa hai.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sasa nimestaafu. Nina kibanja changu hapa Kanoni, magoti yananiuma, na bado wanafunzi huja na karatasi zao kuniuliza maneno. Mengine nayajua. Mengine nawajibu, sijui, tafuteni, mkipata mje mniambie. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba watu hawa wa zamani walituamini kiasi hicho. Waliandika neno moja dogo juu ya noti wakijua hawatakuwepo kulieleza, na wakamwachia mtu wa nchi wasiyoijua, wa lugha wasiyoisikia, alimalizie kwa maisha yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na cheti, na nilidhani kazi yangu ni vidole.

Mwaka huu kwaya ya usharika wetu iliniomba niwatungie wimbo wa ubatizo. Noti zilinijia upesi. Neno la kuweka juu lilinichukua wiki mbili. Niliandika 'polepole', nikafuta. Niliandika 'kwa upendo', nikafuta, maana kila mtu huandika hivyo. Mwisho niliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu unaotetemeka: *Kama anayepokea mtoto mchanga mikononi.* Nikaona haya, nikatoa nakala, nikawapa.

Jumamosi ya mazoezi nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu wa kwaya, dada mmoja mkulima wa kahawa, alilisoma neno lile kwa sauti mara moja, akainua mkono. Nilingoja mtu aulize maana. Hakuna aliyeuliza. Sauti ya kwanza ikaingia, taratibu, kwa uangalifu, ikachelewa kidogo mahali ambapo sikuwa nimeandika ichelewe, na palikuwa ndipo. Besi, wanaume wazima wenye mikono ya jembe, wakaja chini yake kama wanaozuia kisigino cha mtoto kisining'inie. Nikawatazama kutoka nyuma. Wengi walikuwa wameacha karatasi kwenye viti, na mikono yao, bila mtu yeyote kuwaambia, ilikuwa imejikunja kifuani.